Nilivyokuwa Mwonjaji wa Tembo

Siku ya kwanza nilifika kilabu cha tembo cha Mwera jua halijapanda, nimejifunga kanga zangu na tumbo halina kitu. Tumbo tupu lilikuwa sharti. Msimamizi wa kilabu, Mzee Yohana Masanja, alinitazama akaniuliza, "Umekula nini leo?"

"Sijala kitu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Ungekuwa umekula ningekurudisha kwenu. Toa ulimi."

Nikautoa kama mtoto mbele ya daktari. Akauchungulia, akasema haya, huyu atafaa. Ndivyo nilivyoajiriwa. Shule nilisoma madarasa mawili tu ya misheni, kisha nikatolewa kulea wadogo zangu, kwa hiyo cheti sikuwa nacho. Nilikuwa na ulimi.

Hiyo ni miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mashamba ya mkonge yalijaa manamba, yaani vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka bara. Baba yangu, Mnyamwezi, alikuwa mmoja wao, na mimi nilizaliwa kambini. Manamba wakimaliza kazi walikunywa tembo la mnazi, na tembo hilo lazima mtu alionje kwanza kabla halijauzwa.

Niwaeleze lilivyopatikana. Mgema anapanda mnazi, anatafuta karara, ile ala ya ua ambalo halijapasuka, anaifunga kwa kamba na kuikata ncha kwa kotama, kisu chake chepesi kilichopinda. Utomvu unadondoka kibuyuni. Anapanda asubuhi, anapanda tena jioni. Likishuka tu ni tamu. Mchana linachangamka, jioni limekuwa kali, kesho yake linachoma pua, na baada ya hapo ni siki ya kutia kwenye samaki.

Mwonjaji hanywi. Unachota kwa kata, unanusa, unaweka kidogo chini ya ulimi, unasubiri, unatema. Hapo useme limeshuka saa ngapi, kama limechanganywa na la jana, kama kibuyu kilioshwa. Kubwa kuliko yote, useme kama limetiwa maji. Mgema aliyetia maji tembo lake lilimwagwa mbele ya watu na hakupokelewa tena, wala kilabu kingine hakikumtaka. Kwa hiyo ulimi wetu tuliuchunga. Pilipili marufuku, tumbaku marufuku, tambuu, ile majani ya kutafuna na popoo, ndiyo usiiguse kabisa, maana ile chokaa yake inauunguza ulimi.

Wagema wa Mwera nawakumbuka wote: Saidi Mapande, Juma wa Juma, Athumani Kirefu, Hatibu mwenye jicho moja, na Mzee Mwakitunga. Huyu Mwakitunga alikuwa Mdigo, mtu wa sala tano. Alikuwa amegema tangu ujana wake na hajapata kuonja hata tone. "Mimi nalishusha tu," alisema. "Atakayelinywa atajuana na Mola wake." Kwa hiyo hakuwa na njia ya kujua tembo lake likoje ila kwangu. Minazi yake ilikuwa mbali, akawa anafika wa mwisho kila siku, anatua vibuyu na kuniuliza, "Haya, Mnyamwezi, likoje leo?" Watu wa pwani ni watani zetu, hata jina langu la Veronika hakulitaja. Nikimwambia kibuyu cha tatu kina harufu, kesho yake amekuja na kibuyu kipya.

Basi ikafika Pasaka moja. Wakatoliki wa kambini walikuwa wametoka kwenye mfungo, siku arobaini hawajagusa tembo, na kilabu kilifurika. Asubuhi niliwaonjea wagema wanne. Kabla Mwakitunga hajafika nikakimbilia kwa jirani yangu, Bi Mwanaidi, aliyekuwa akimwoza binti yake. Nilitaka nitoe mkono wa heri tu, nirudi. Bi Mwanaidi akaniletea sinia la tambuu kwa mikono yake miwili. Mwenye harusi akikupa tambuu ukaikataa, umeikataa harusi yake. Nikaitia mdomoni, nikiwaza nitaitema nikifika njiani. Naye akanisindikiza mpaka mlangoni pa kilabu, maneno hayamwishi, na mimi natafuna kwa adabu.

Nilisukutua maji, nikadhani imetosha. Mwakitunga alikuwa amekwisha tua vibuyu. Nikaonja. Maji. Nikaonja tena, maji matupu.

"Lina maji," nikasema.

"Mnyamwezi, acha utani leo," akasema Mwakitunga.

"Si utani, baba. Lina maji."

"Wallahi sijatia hata tone."

Msimamizi hakubishana naye. "Ulimi wa Veronika tunaujua. Limwageni." Likamwagwa lote, na wanywaji wenye kiu ya siku arobaini wakaliangalia likizama mchangani. Mmoja akapaza sauti, "Mzee leo amegema kisima!" Kicheko kikamfuata mpaka barabarani.

Kesho yake asubuhi, tumbo tupu, nilikuwa naosha vyombo nikakuta kibuyu kimoja alichokiacha Mwakitunga kimeegemezwa ukutani, mabaki kidogo yamesalia chini. Nikanusa, machozi yakanitoka. Nikaonja. Lilikuwa limechacha barabara, linachoma mpaka masikioni. Sasa sikilizeni: tembo lenye maji likilala halipati ukali ule, linalegea na kuchoka. Hili halikuwa limetiwa hata tone. Nikakaa chini pale pale. Nilijua ni tambuu.

Nikaenda kwa Msimamizi, nikamweleza. Akafunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, baba."

"Basi iishie hapa. Mwonjaji akikiri kosa moja, kesho kila mgema atasema na yeye alionewa. Mwakitunga ni mtu mzima, atapumzika."

Sikumlaumu sana, na leo simlaumu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kilabu cha kuendesha na Bwana Afya, mkaguzi wa serikali, habanduki mlangoni. Lakini mzee wa watu alikuwa ameaibishwa, na yeye mwenyewe hakuwa na ulimi wa kujitetea. Ulimi wake ulikuwa wangu.

Usiku huo nililala na kuamka. Asubuhi wagema walipopanga vibuyu, nikasimama nikasema, "Tembo la Mzee Mwakitunga halikuwa na maji. Nilikula tambuu harusini, nikamsingizia. Kosa ni langu."

Kisha Hatibu akasema, "Kumbe. Na lile langu la mwaka jana?"

"Lako lilikuwa limechanganywa na la jana, Hatibu. Siku ile sikula tambuu."

Wakacheka wote, isipokuwa Msimamizi. Alikuja akaichukua kata mkononi mwangu polepole. "Binti," akasema, "umejifukuza mwenyewe."

Nikaenda kwa Mwakitunga. Nilimkuta akisuka makuti.

"Hodi. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu, Mnyamwezi."

"Nimesema ukweli mbele ya watu."

"Nimesikia. Hatibu amepita hapa anacheka peke yake." Akasuka, akasuka. "Wajukuu zangu wameniuliza mgema wa kisima ni nani."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini bado nimeudhika." Akaweka kuti chini. "Kesho napanda kama kawaida, ila kilabuni kwao sirudi. Nani ataonja?"

"Mimi nimefukuzwa."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujitegemea. Leseni ya kuuza tembo niliifuata bomani, kwa Bwana Shauri, ofisa wa Mwingereza. Karani wake akaniuliza kama najua kuandika, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, likajaa karatasi. Nilinunua kwa Mwakitunga, baadaye kwa Saidi na Athumani, nikauza kambi kwa kambi, kisha nikahamia Muheza. Kule kulikuwa na Wabondei na Wasambaa waliozoea boha lao la miwa, ikanibidi nijifunze kuonja na hilo. Vilabu viwili vikigombana juu ya tembo bovu, Bwana Afya wa Muheza alikuwa akiniita mimi niamue. Nilimsikia siku moja akimwambia mwenzake, "Huyu ndiye yule mama aliyejishtaki." Mzee Yohana mwenyewe, yule Msimamizi, alinifuata Muheza kuomba nimfundishie waonjaji, nikaenda wiki mbili, akanikaribisha chai.

Mwakitunga aligema mpaka magoti yakamkatalia. Hakuna aliyemwita tena mgema wa kisima.

Mimi niliacha kazi siku niliyoshindwa kutofautisha tembo la asubuhi na la jioni. Mara ya kwanza nikadhani ni mafua. Mara ya pili sikungoja ya tatu. Wanawake tuliouza nao tembo wakasema, "Bibi, nani atajua? Wewe tikisa kichwa tu, wanakuamini." Hapo ndipo pabaya, kwamba wanakuamini.

Asubuhi hiyo ya kuacha alikuwa amekuja mgema mgeni wa Mkwaja, Kombo. Akatua kibuyu, akanisalimu, akangoja.

"Haya, bibi, langu zuri?"

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Mpelekee Rosa niliyemfundisha, yule pale, aonje yeye."

Alinitazama kama nimemfanyia mzaha. Kisha akainua kibuyu chake, kimejaa mpaka shingoni, akakibeba taratibu kwenda kwa Rosa.