Kiti cha Mbele

Sikuwa na wivu wa kitanda. Niseme hilo mapema, maana wajukuu zangu wakinisikia nikisimulia habari hii hucheka, wakidhani bibi yao alikuwa akimlinda mwanamume. Yule sikumlinda hata siku moja. Alikuwa dereva, ana masikio makubwa, ananuka petroli mpaka kwenye kanzu ya Ijumaa, na alikuwa wangu bila kulindwa. Wivu wangu mimi ulikuwa wa ramani.

Tulikaa Ngara, vyumba viwili vya kutazama ua, bomba moja la maji kwa nyumba saba. Mimi ni mtoto wa Mombasa, Mji wa Kale. Mume wangu alizaliwa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, gari hiyo, maji hiyo, mpaka mama yangu alikuwa akimsikiliza amefumba macho. Alimwendesha mwalimu mmoja wa Kihindi aliyekaa Parklands, mjane, watoto wake walikwisha kwenda Ulaya. Nilimjua. Mwanamke mzuri, sisemi uongo, shingo ndefu, nywele zina mvi mbele tu kama amepakwa chokaa kwa makusudi.

Ilikuwa miaka ile Wahindi wengi wa Parklands walipokuwa wakifunga masanduku kuhama nchi. Zamu yake ilikuwa imekaribia. Sasa mwalimu huyu, maisha yake yote alikuwa akiwachorea watoto wa watu ramani ya Kenya ubaoni, na yeye mwenyewe hajavuka Athi River. Akasema haondoki hivyo. Akasema ataiona nchi polepole, siku kumi na nne, hakuna kukimbizana: Amboseli, Tsavo, Mombasa, Gedi, Malindi, mpaka Lamu gari linapogota maji. Mbuga za wanyama kwanza, miji ya kale baadaye.

Basi kila Jumamosi mume wangu akawa anakwenda Parklands hata kama hakuna safari. Anakwenda kupanga. Siku moja nilipeleka sambusa kwa jirani yake mwalimu, mteja wangu, nikawaona barazani. Watu wazima wawili wameinamia ramani moja. Mume wangu ana penseli sikioni. Mwalimu anasema, "Hapa tutalala siku mbili, hakuna haraka." Mume wangu anajibu, "Hapo ndovu ni nyekundu juu ya kujipaka udongo. Tungoje zije kunywa maji, tusiende mbio."

Tungoje. Mimi nimeolewa naye miaka tisa, sijapata kuambiwa tungoje. Kwangu ni chai iko wapi, viatu viko wapi, mbona mtoto analia.

Na Tsavo hiyo wanayoisema, mimi nimeipita mara nne na sijaiona. Tangu niolewe nilikwenda kwetu mara mbili, mara zote mbili kwenye mazishi, kwa treni, daraja la tatu, mtoto magotini. Treni hupita Tsavo kwenye giza. Ndovu wenyewe sijui ni wekundu au ni wa kijani.

Kilichoniuma zaidi ni maswali. Mume wangu alirudi nayo nyumbani kama mtu aliyetumwa sokoni.

"Mama watoto, pale Mji wa Kale gari inaingia mpaka wapi?"

"Mpaka litakapokwama."

"Usiseme hivyo. Na kule Gedi kuna kivuli?"

"Kuna miti mikubwa imekalia kuta za magofu."

"Na Malindi tutakula wapi samaki mzuri?"

Nikamjibu, maana sijui kunyamaza ninapojua. Nikamwambia njia gani ina nyumba zenye milango ya nakshi, saa ngapi jua linaacha kuchoma kuta, nani anauza kahawa na wapi mwanamke anaweza kukaa akainywa bila kukodolewa macho. Yeye anaandika. Maneno yangu yanaingia kwenye karatasi ya mwanamke mwingine. Nilikuwa nakamuliwa kama ndimu.

Siku moja nikamuuliza, "Na huko mbele anakaa nani?"

"Yeye. Nyuma anatapika."

"Mtu mzima anatapika?"

"Hiyo ni ugonjwa, mama watoto."

"Ugonjwa wa kupenda mbele."

Akacheka. Mimi sikucheka. Hebu fikirini. Mtaani kwetu barabara ni upana wa mikono miwili, na kila mlango una baraza, na kila baraza ina watu ambao kazi yao ni kuona. Gari linaingia. Mkwe wa mama yangu ndiye anayeliendesha, na ubavuni mwake, mbele, amekaa mwanamke amejipamba. Mke aliyemwoa hayumo. Kabla injini haijazimwa habari imeshafika kwa mama jikoni. Mama atakufa kwa aibu ameshika mwiko.

Mjukuu wangu mmoja aliniuliza, mbona hukusema tu kwamba na wewe unataka kwenda? Mtoto huyo amesoma mpaka chuo kikuu na bado anauliza hivyo. Mimi siombi kiti kwenye gari la mtu.

Nilimpa binti yangu wa kwanza ile karatasi ya mpango anisomee. Nilikuwa nimeitoa kwenye mfuko wa koti nikitaka kulifua. Mimi nilisoma chuoni, chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu nazijua, za Kizungu zilinipita. Mtoto akasoma kwa sauti ya darasani, "Siku ya tatu. Asubuhi kutazama viboko kwenye chemchemi ya Mzima, ndani ya chumba cha vioo chini ya maji. Chai. Kupumzika. Jioni kutazama mlima."

"Kupumzika nani?"

"Haikuandikwa, mama."

Nikaikunja nikairudisha.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya Dagoretti. Nilikuwa nikienda kule kununua nyama ya sambusa karibu na machinjioni, ilikuwa safi kuliko ya mjini. Nimesimama kituoni nangoja basi, kikapu kiko miguuni, damu inachuruzika kwenye gazeti, nzi wamenifanya baraza yao. Mara nikaliona gari la mwalimu linakuja kutoka upande wa Ngong. Walikuwa wakijaribu springi mpya kabla ya safari. Dirisha liko wazi. Mwalimu ameketi mbele, amefunga kitambaa cha manjano kichwani. Mume wangu anasema jambo, na mwalimu anacheka mpaka anapiga dashibodi kwa kiganja. Wakapita. Hawakuniona. Vumbi lao lote nikalimeza mimi na nyama yangu.

Nilifika nyumbani sikupika. Nikachukua daftari la mtoto, nikakata karatasi, nikamwandikia mama kwa herufi za chuoni. Kuandika kwangu ni kazi, neno moja ni kama ndoo moja ya maji. Niliandika hivi: Mama, mkweo anakuja huko kwa gari na mwanamke. Wamepanga siku kumi na nne. Anakaa mbele.

Nilikusudia kuongeza kwamba ndiye tajiri wake, aliyemwajiri, ili mama awe na la kuwajibu watu wa barazani. Lakini mkono ulikuwa umechoka na hasira ilikuwa haijachoka. Nikampa muuza duka mmoja wa kwetu aliyekuwa akishuka Mombasa. Roho yangu ikatulia kidogo.

Wiki moja baadaye, Jumapili asubuhi, nipo uani natwanga pilipili, nikasikia sauti mlangoni ikimwambia mchukuzi aweke sanduku taratibu. Sauti hiyo ndiyo iliyonizaa. Mama yangu alikuwa hajafika Nairobi hata mara moja, alikuwa akisema ni mji wa baridi na wezi. Sasa amesimama kwenye ua wangu na buibui lake, chupa ya achari mkononi, miguu imevimba kwa kukaa kwenye treni mpaka mikanda ya kubadhi imezama kwenye nyama.

"Shikamoo, mama."

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Mke mwenzio."

Nikahisi mchi unaniteleza mkononi. Nikaanza kusema, mama, si hivyo, na papo hapo honi ikalia nje. Mume wangu alikuwa amemleta mwalimu Ngara, na mimi sina habari. Mwalimu alishuka kunyoosha sari, akaacha mlango wazi.

Mama alitoka. Hakumsalimu mtu. Alipita mbele ya mwalimu kama anayepita nguzo ya stima, akaingia garini, akaketi kiti cha mbele, akavuta mlango. Paa. Akaipakata chupa ya achari.

Majirani wa nyumba saba wote walikuwa nje.

Mume wangu akainama dirishani. "Shikamoo mama. Karibu Nairobi. Lakini mama, hiyo kiti ni ya mwalimu. Yeye nyuma anatapika."

"Na atapike."

"Mama, huyu ni tajiri yangu."

"Na binti yangu ni nani yako? Mimi nimekaa. Kama safari ni siku kumi na nne, nitakaa kumi na nne."

Nilitaka ardhi inimeze, na papo hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi. Nikamtazama mwalimu. Hakukasirika. Alimtazama mama kwa makini, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyetoa jibu lisilo sahihi kwa ujasiri.

"Mama," akamwambia, "mimi nimekuja kuomba chai kwa binti yako. Ukishuka tutakunywa wote. Usiposhuka nitakuletea hapo."

Mama akashuka, kwa sababu mtu akiomba chai kwa binti yako huwezi kukaa garini.

Ndani, mwalimu alikaa kwenye kiti chetu chenye mguu mbovu, akaniangalia mimi, si mama wala mume wangu. "Nimekuja mwenyewe kwa sababu dereva wangu anaogopa kukuuliza. Nyuma, kati ya masanduku na debe la maji, kuna nafasi ya mtu mmoja. Miezi miwili nasikia mama watoto amesema hivi, mama watoto amesema vile. Nani ataniingiza kwenye nyumba za watu Mombasa? Huyu?" Akamnyooshea mume wangu kidole. "Huyu ataniingiza karakana. Nataka twende na wewe. Watoto, dada yake huyu amekubali kukaa nao."

Nilimtazama mume wangu, masikio yote mekundu. Kumbe penseli na karatasi na maswali, nilikuwa napangiwa na mimi. Kule Dagoretti walipokuwa wakicheka, baadaye nilikuja kujua, walikuwa wanacheka jinsi nilivyosema gari liingie mpaka litakapokwama.

Mama naye sasa alikuwa ameelewa. Akaiweka chupa ya achari mezani, polepole. Alikuwa mwanamke wa kutoa maneno mengi, lakini hapo alisema moja tu. "Nitarudi kesho na treni."

Tukaitazama miguu yake sote. Ilikuwa inang'aa kama mikate ya mofa. Mwalimu aliitazama, kisha akanitazama mimi. Mume wangu akatazama dari. Safari ilikuwa Alhamisi. Kiti cha nyuma kilikuwa kimoja.

"Mchukueni mama," nikasema.

Mdomo ndio uliosema. Moyo ulikuwa umeshaketi garini zamani, umeegemea dirisha.

Wakaenda. Alhamisi alfajiri mama alikaa nyuma na debe la maji kama malkia, akanipungia mkono kwa kidole kimoja. Mimi nikarudi kukata vitunguu.

Hata habari zao hazikuwa za kunituliza. Mume wangu aliporudi alinieleza kila kitu, mjinga yule, akidhani ananifurahisha. Ndovu walikuwa wekundu kweli. Kwenye chumba cha vioo kiboko alikuja mpaka usoni mwa mama, mama akamwambia apunguze kula. Mombasa gari liliposimama mlangoni kwake, alishuka, akasalimu baraza nzima, akaingia ndani, akabadilisha kanga, akapanda tena. Akawaonyesha Gedi na Malindi, ambako na yeye alikuwa hajafika. Njia nzima ya kwenda Lamu anatoa maelekezo ya barabara asiyoijua. Na kabla ya kuondoka Mombasa alimshika mwalimu mkono mtaani, akamwingiza nyumba kwa nyumba, akisema huyu ni mgeni wa binti yangu. Wa binti yangu. Mimi nipo Ngara.

Gedi walikaa juu ya ukuta mmoja asubuhi nzima, mwalimu na mama, mwalimu analia kidogo kwa sababu anaondoka, mama anatafuna tambuu. Sikuwahi kumwonea mtu wivu kama nilivyouonea ule ukuta.

Mpaka mama anakufa, hapakuwa na mgeni aliyemaliza kikombe bila kuelezwa kiboko. Nami nikiwapo hunitazama pembeni aone kama bado inauma. Ilikuwa inauma, na alijua, na hakupunguza hata neno.

Mwalimu aliondoka kabla ya mwaka kwisha. Ile ramani hakumwachia dereva, aliniletea mimi. Ninayo sandukuni, chini ya kanga za harusi. Mstari wa penseli unatoka Nairobi, unakwenda kwa utulivu, na penye Mzima kuna duara la kikombe cha chai. Nikiwa peke yangu huufuata kwa kidole.

Sasa wajukuu zangu, na nina wajukuu si haba, mmoja daktari, mmoja ana gari la viti saba, wamekuja kukaa sakafuni kwangu na simu zao wanapanga safari. Amboseli, Tsavo, Mombasa, Gedi. Nikawatolea ramani. Wakaizunguka. Yule mwenye gari akauliza, "Bibi, wewe tukuweke katikati na shuka, upate kulala?"

Nikamwambia mimi nakaa mbele.

"Mbele kuna jua, bibi."

"Nyuma natapika," nikasema.