Kompyuta ya Kukulia

Kwa wiki saba nyumba yangu ilikula chakula sahani zikiwa mapajani, kwa sababu meza ilikuwa imekaliwa na kompyuta ambayo haikuwapo. Yalikuwapo maboksi. Yalikuwapo masponji, mifuko ya kung'aa ambayo hatukuruhusiwa kuitupa, bisibisi tatu, na skrubu zilizopangwa ndani ya vifuniko vya chupa za maji. Na alikuwapo mume wangu, fundi cherehani kwa miaka thelathini sasa, ambaye mtaa mzima unamwita Futi kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akienda kuoga. Mimi pia namwita Futi. Nikikasirika namwita mwenzangu, na wiki saba zile aliitwa mwenzangu asubuhi na jioni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya binti yetu, anayesomea uchoraji wa majengo na sasa yuko mwaka wa mwisho. Kazi yake ya kumalizia chuo ilikuwa mchoro wa soko la ghorofa mbili, na kikompyuta alichokuwa nacho kilikuwa kinaganda kila akijaribu kuligeuza hilo soko alitazame kwa nyuma. Kilikuwa kinaganda yeye akiwa amekaa mbele yake na mikono shavuni, na mimi nikipita mlangoni najifanya sioni. Chuoni kuna mashine nane, tatu zimekufa, na wanaozigombea ni darasa zima. Mchoro ulitakiwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi kabla ya saa sita mchana. Asiyekuwa na mchoro alitakiwa apeleke fomu ya kurudia mwaka, imesainiwa na mzazi aliyemwandikisha, ambaye ni baba yake. Asiyepeleka mchoro wala fomu, jina lake linafutwa.

Fomu hiyo hutolewa moja tu kwa kila mwanafunzi, ikiwa na muhuri, na binti aliipangia foleni siku mbili. Wiki ya nne aliileta nyumbani akaiweka mezani mbele ya baba yake, katikati ya maboksi, akasema ni tahadhari tu. Mimi ni mtunza stoo hospitalini. Kwangu mimi karatasi yenye muhuri ni kitu cha kushikwa kwa vidole viwili. Futi aliitazama, akaweka bisibisi juu yake.

"Sisaini," alisema. "Kompyuta itakuwa tayari."

Mtu angeuliza kwa nini hakuingia dukani akanunua kompyuta iliyokwisha kuundwa, kama watu wengine wenye akili zao. Nilimuuliza. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Alisema hajawahi kumvisha mtoto wake kitu cha dukani na hataanza leo. Hilo ni kweli, na ndiyo taabu yenyewe. Tangu siku ya kwanza ya shule, yule mtoto alivaa nguo zilizokatwa na baba yake, na zote zilikuwa za kukulia. Mabega yalimteremka. Mikono ilimfunika vidole. Upindo wa chini ulikuwa mpana kama kiganja, ili uteremshwe kila mwaka kadiri anavyorefuka. Mwaka wa tatu gauni lilimkaa vizuri kwa muda wa miezi miwili, kisha likachanika. Nilikuwa nikimwambia amshonee japo moja la kupendeza mwaka huu huu, naye ananijibu kwamba watoto wanakua. Binti yangu alimaliza shule ya msingi akizikimbiza nguo zake mwenyewe.

Na akili hiyo hiyo ndiyo aliyoingia nayo kwenye kompyuta. Alianza na kasha la chuma, kwa sababu kasha linapimika. Akafuata ubao mama, ule ubao mpana ambao vitu vingine vyote huchomekwa juu yake, akaupima akiwa dukani mbele za watu, marefu na mapana, na ukaingia ndani ya kasha bila shida. Siku hiyo alijipiga kifua. Alisema watu wanaliogopa jambo hili bure, ni kazi ya vipimo tu.

Kisha shemeji yangu, mdogo wake, akatuletea vijiti viwili vya ramu kutoka kwenye mashine ya zamani ya ofisini kwao. Ramu ni ile kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi ikiwa imewaka. Futi alikipima kijiti, akapima na mfereji wake kwenye ubao. Urefu ule ule. Unene ule ule. Akakiweka, hakikuingia. Akakigeuza, hakikuingia. Akakikandamiza kwa vidole gumba viwili mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na mimi nikatoka nje maana sikutaka kushuhudia.

Kesho yake alikwenda nacho kwa dada wa vipuri. Huyu ni mwanamke mpole mwenye miwani, na duka lake lina upana wa kitanda. Alimwonyesha Futi lile pengo dogo lililokatwa ukingoni mwa kijiti, akamwonyesha kwamba kwenye vijiti vya ubao wetu pengo hilo limesogea kidogo sana pembeni. Wamelisogeza makusudi, alimweleza, ili ramu ya kizazi cha zamani isiingie kwenye ubao wa kizazi kipya ikauunguza. Futi akatoa utepe na kumthibitishia kwamba urefu ni sawa. Yule dada akasema anakubali kwamba urefu ni sawa. Futi akarudia kupima. Safari ya kwanza yule dada alikuwa akimwita baba. Safari ya tatu alimwita mzee. Kufikia ya tano alikuwa hamwiti chochote, anamtazama tu akiingia.

Mambo hayakuishia kwenye ramu. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, alishauriwa anunue ya kizazi cha ubao wake. Yeye akachukua ya kizazi kinachofuata. Alipima zote mbili akaona zinalingana pande zote, basi kwa nini mtoto asipewe ya mbele kidogo, aikulie? Alikuja nayo nyumbani anatabasamu. Haikukaa. Pembeni ina vijipengo viwili vya kuiongoza ikae mahali pake, navyo vilikuwa sehemu nyingine kabisa.

"Basi ubao ndio wenye kasoro," alisema.

Nilimwambia mwenzangu, huu ubao umeusingizia mengi. Akakaa siku tatu akinuna. Wateja wake walikuja kufuata nguo, akawaambia warudi wiki ijayo, yeye ambaye hajawahi kumrudisha mteja. Nilimwona mwanamke mmoja ameondoka na suruali ya mumewe ikiwa imeshonwa mguu mmoja.

Jumatatu ya wiki ya mwisho maji yalinifika shingoni. Nilitoka kazini na miguu imevimba, nikaingia ndani nikakuta Futi ameinamia kasha na utepe, anapima pengo kati ya kitu fulani na kitu kingine. Chumbani binti alikuwa kimya mbele ya soko lake lililoganda. Fomu ilikuwa pale pale chini ya bisibisi. Siku nne zimebaki. Nikavuta boksi moja nikalikalia, na nikampa vidonge vyake. Nilimwambia habari za meza. Nilimwambia habari za suruali ya mguu mmoja. Nilimwambia kwamba mtoto anazama na yeye anampimia kina cha maji. Alinisikiliza bila kuinua kichwa, kama anavyofanya siku zote, mpaka nilipochoka na sauti ikashuka yenyewe.

"Futi," nikamuuliza, "katika miaka thelathini, umewahi kukata kitambaa mteja hayupo?"

"Sijawahi."

"Haya. Kompyuta hii umempima nani?"

Hapo aliinua kichwa. Alinitazama, akaitazama meza, akautazama mlango wa chumbani. Sikujua niendelee kukasirika au nimhurumie. Kisha akamwita binti.

"Mama, njoo usimame hapa."

Binti alitoka. Futi akasogeza kile kigoda ambacho wateja wake hupandia wakipimwa upindo, akampandisha. Akatoa penseli sikioni, akapapasa mezani akapata karatasi, akapiga goti moja sakafuni kama ilivyo kawaida yake. Akamuuliza inabana wapi. Mtoto hakuelewa. Akamuuliza tena, akiwa kazini anafanya nini na wapi panabana. Binti akasema panabana akigeuza jengo, na akifungua programu mbili pamoja, na akiiambia mashine itoe picha ya mwisho yenye mwanga na vivuli. Na wapi panapwaya? Alisema hana haja na prosesa ya juu sana, ya wastani inamtosha. Anachohitaji ni ramu nyingi na kadi ya picha yenye nguvu. Taa za rangi hazitaki. Na kasha likae chini ya meza, upande wa kushoto, kwa sababu kulia ndiko anakopitishia mguu. Alisema yote hayo kwa pumzi moja, na Futi akaandika kila neno.

"Mbona hukuniambia?" akamuuliza.

"Hukuniuliza, baba. Hata magauni hukuwahi kuniuliza."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Futi aliinama akaendelea kuandika, ingawa katika maneno hayo hapakuwa na kipimo chochote.

Jumanne walikwenda wote wawili kwa dada wa vipuri. Binti ndiye aliyesema, baba yake akakaa kwenye benchi na mikono magotini. Prosesa ilibadilishwa ikaja ya kizazi cha ubao. Ramu ikaja mpya, vijiti viwili vinavyofanana, na mifereji miwili ikabaki wazi. Kwenye feni ya kuipooza prosesa ndipo utepe ulipopata heshima yake. Dada wa vipuri aliwapa feni moja ndefu, Futi akaitupia jicho, akaipima, akasema kifuniko cha kasha hakitafunga, itazidi nusu kidole. Yule dada akasoma maandishi kwenye boksi, akasoma tena, akairudisha kwenye rafu. Nimesimuliwa kwamba wakiondoka alimwita baba.

Jumatano mchana wakaunda. Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi, nikarudi nikakuta ramu zimeingia kwa mlio mmoja laini kila moja, prosesa imelala mahali pake bila kulazimishwa, na kadi ya picha imefungwa kwa skrubu zake. Futi akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Tukangoja. Skrini nyeusi. Futi akazima, akawasha. Nyeusi. Niliuona mkono wake ukienda shingoni kuutafuta utepe, nikataka kulia. Binti akazunguka nyuma ya kasha, akachuchumaa, akasema waya wa skrini umechomekwa kwenye tundu la ubao badala ya kwenye kadi ya picha, na prosesa yetu haitoi picha yenyewe. Akauchomoa, akauteremsha kama vidole vinne, akauchomeka. Skrini ikawaka. Nilifurahi na papo hapo nikakasirika, wiki saba za sahani mapajani zikanijia zote kwa pamoja. Futi alikaa kwenye kigoda cha wateja. Alhamisi kutwa nzima soko lilikuwa likizunguka chumbani, mbele, nyuma na juu, bila kuganda.

Ijumaa saa tatu asubuhi binti aliondoka na mchoro wake. Mimi nilikuwa na mapumziko, nikasema leo meza yangu inarudi. Nikatoa maboksi, nikatoa masponji, na nikaitafuta ile fomu ili niitunze, maana lolote linaweza kutokea njiani na ofisini. Haikuwa chini ya bisibisi. Haikuwa ndani ya boksi lolote. Saa tano kasoro, na simu ya binti haijalia. Nikamuuliza Futi. Bila kugeuka kutoka kwenye cherehani yake akanyoosha kidole ukutani, kwenye msumari anakotundika vipimo vya wateja.

Ilikuwa pale. Mbele ina muhuri, na mahali pa saini pako wazi. Nyuma, kuanzia juu mpaka chini, ilikuwa imejaa penseli. Inabana: kugeuza jengo. Inapwaya: taa. Kasha kushoto. Ramu mbili, nafasi mbili zibaki, upindo. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: hakuwahi kuulizwa.

Niliichomoa msumarini kwa vidole viwili. Kama skrini ile isingewaka Jumatano, mtoto asingekuwa na mchoro wala fomu. Nilimuuliza kama alijua anaandika kwenye karatasi gani.

"Nilijua," alisema. Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio la cherehani. "Ingebaki safi, ningekata tamaa nikasaini."

Nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia na yote yalikuwa ya haki. Nilikuwa nimeanza na la kwanza simu ikalia. Binti alisema wamepokea, saa tano na dakika nane, wamempa na risiti. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Futi akanyoosha mkono aletewe simu, akaiweka sikioni, akakohoa.

"Mama," alisema, "gauni la mahafali unataka nikushonee la namna gani?"

Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia jibu.

"Linalonitosha sasa, baba."

Futi akaitikia, akatoa penseli sikioni na kuanza kupapasa mezani. Nikawahi kumpa daftari langu kabla hajaifikia karatasi nyingine yoyote ya nyumba hii.