Gita la Enesi Darini kwa Osea

Watu wa Tunduma wakimtaja dada yangu Enesi husema, "Yule mwanamke wa gita," kisha wanacheka. Kicheko hicho kimenichosha. Shule nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini kuandika najua, na haya nayaandika ili wanaocheka wajue wanachekea nini.

Enesi ni mkubwa wangu. Aliolewa Mbangala, akalima huko mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato. Alipokosa mtoto, mumewe akamrudisha nyumbani na nguo aliyoivaa. Majembe aliyoyapata kwa jasho lake yalibaki kule. Vyungu vikabaki. Hata kuku aliowalea tangu mayai walibaki, na hakuna mwanaume aliyefungua mdomo kuvidai. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Enesi alipokelewa na kaka yetu mkubwa, Osea, mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwa la kubabua. Kaka akampa pa kulala: nyumba ya jikoni, kando ya meko.

Enesi hakukaa kulia. Kila kiangazi aliondoka na wanawake wenzake kwenda Ivuna kwenye chumvi. Kazi ile ni kukwangua udongo, kuuchuja kwa maji, na kuchemsha yale maji mpaka chumvi ibaki chunguni na macho yawe mekundu kama ya mlevi. Chumvi akaigeuza mbuzi, mbuzi wakazaana. Na mwaka ule Malkia wa Waingereza alipovikwa taji, Jonasi, mtoto wa shangazi yetu, akarudi kutoka migodi ya Kitwe na suti, miwani ya jua, na gita.

Halikuwa gita la watu wakubwa. Jonasi mwenyewe alisema ni la bei ya chini, la mbao nyembamba zilizogundishwa. Lakini lilikuwa zuri, jamani! Kifua kimetuna kama cha njiwa, ndani tupu, na kifuani matundu mawili marefu yaliyopinda kama mundu. Chini ya nyuzi kulikuwa na kipande cha chuma chenye sumaku, na ubavuni tundu la kuchomekea waya. Kule Kitwe waya ule ulikwenda kwenye sanduku la sauti lililokunywa umeme. Kwetu Tunduma umeme ulikuwa wa radi tu.

Vijana wakamsumbua Jonasi. "Umetuletea ng'ombe asiye na maziwa!" Wiki haikuisha, ameshachoka kuchekwa. Enesi naye alikuwa ameshaligonga lile gita kwa kidole na kulitegea sikio.

"Tumbo lake tupu," akamwambia. "Kitu chenye tumbo tupu kinasema chenyewe, kama ngoma. Chukua mbuzi."

"Mbuzi yupi, dada?"

"Wote."

"Dada Enesi, una wazimu?"

"Ninao. Chukua kabla haujaniisha."

Jonasi alimfundisha kidogo, mengine akajifundisha. Kile kidaraja kinachobeba nyuzi hakikugundishwa, kilishikwa na mkazo wa nyuzi tu. Kwa hiyo alikitilia alama ya penseli mahali pake, na hakulegeza nyuzi zote kwa mara moja. Alilifuta jasho kila akimaliza kupiga. Mimi nilikuwa nakwenda kupukuchua mahindi pale jikoni ili nimsikie. Sauti yake ilikuwa kavu, inayokata, kama mtu anayesema kweli bila kupaza sauti. Baada ya muda watu wakaanza kuvuka mpaka kutoka Nakonde kuja kumwita kwenye arusi. "Mayo," walimwita, mama kwa Kibemba, yeye ambaye kwetu alikuwa haitwi mama na mtu. Alirudi amenyooka mgongo. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu tukiwa wasichana.

Ndipo Osea akaanza kuumwa na maneno ya watu.

"Wenzangu kanisani wananiuliza," alisema siku moja ya mavuno, mikono nyuma. "Mwanamke wa nyumba yangu anavuka mpaka na gita kama kijana wa mgodini!"

"Wanaliuliza gita au wanakuuliza wewe?" nikamjibu.

"Wewe Mama Danford una mume wako, nenda ukamjibu yeye. Enesi, kitu cha mwanamke aliyerudi nyumbani ni kitu cha nyumba. Nitakitunza."

"Kaka," Enesi akasema, "lile nimelipata kwa mbuzi wangu."

"Mbuzi walikula majani ya wapi?"

Basi akalichukua. Na sikilizeni alikolitunza. Kwetu mbegu za mahindi zinafungwa na maganda yake na kuwekwa darini, juu ya meko, ili moshi ufukuze fukusi. Kila kitu cha thamani kinapanda huko. Osea akalilaza gita katikati ya mbegu, akashuka kwenye ngazi akijipangusa koti, ameridhika. Alidhani amelipa heshima.

"Kaka, lile si hindi!" Enesi alimlilia. "Limeshikwa na gundi!"

"Fukusi hali gundi?"

Mtauliza, kwa nini hakulishusha mwenyewe? Nami niliuliza, kwa ukali. Lakini kwetu mbegu zikishapanda, dari haifunguliwi mpaka mvua ya kupandia. Anayeifungua mapema, mahindi yakiharibika, njaa inaitwa kwa jina lake. Na jina hilo likiwa la mwanamke aliyeachwa, asiye na mtoto, haisemwi njaa tena, unasemwa uchawi. Enesi alilijua hilo. Kwa hiyo mwaka ule hakwenda Ivuna, alilala chini ya gita lake kiangazi kizima, na kila asubuhi akapuliza moto kuwapikia uji watoto wa Osea, moshi ukapanda, ukaingia kwenye yale matundu mawili. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyochochea! Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, na haijahama.

Mvua zilipokaribia, binti wa Osea, Felista, akaposwa na watu wa Mbozi, wenye kahawa na nyumba za bati. Ghafla kaka akakumbuka kwamba nyumba yake ina gita. Mbegu zilishushwa, na siku wakwe walipokuja alilibeba yeye mwenyewe uani.

"Hili ni gita la nyumba yetu," akamwambia mzee Danieli, baba wa bwana arusi. "Limetoka Kitwe. Enesi, wapigie wageni."

Lilikuwa jeusi, linanuka kama samaki mkavu. Enesi alilifuta kwa upindo wa nguo yake, taratibu, kama unavyomfuta mgonjwa uso. Nikaona ule mtuno wa kifua umebonyea.

"Kaka, nikikaza nyuzi litafunguka."

"Wageni wanasubiri."

"Nimekwambia."

"Piga!"

Akakaza uzi wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu likalia kraa, kifua kikaachana na ubavu, kidaraja kikaruka mpaka miguuni pa mzee Danieli. Halafu Osea, mbele ya wakwe, akanyoosha kidole.

"Ameliroga! Kwa kijicho, kwa sababu Felista anaolewa!"

Niliinuka mimi. "Umelikausha kama nyama, Osea! Miezi yote hii juu ya moto! Limerogwa na koti lako hilo!"

"Mzee mwenzangu," Danieli akauliza, "gita mliliweka juu ya meko?" Akainama akakiokota kile kidaraja, akampa Enesi kwa mikono miwili.

Enesi alikusanya vipande kwenye nguo, akatoka uani, na hakulala tena katika jiko lile. Alikaa kwangu akapika pombe ya wajenzi, akaomba kiwanja kwa jumbe, akajenga nyumba yake mwenyewe, huku watu wakisema mwanamke gani anajenga wakati kaka yake yu hai. Fundi seremala Nathanaeli alichemsha gundi ya ngozi, akalibana gita kwa kamba na mawe mpaka likashika. Sauti ya kwanza haikurudi. Sasa lina mkwaruzo, kama mtu aliyelia sana utotoni. Linaning'inia karibu na mlango. Meko yake iko nje.

Mwaka jana Osea alikuja kupiga hodi, koti lile lile. Mtoto wake Timotheo anaoa.

"Dada yangu, yaliyopita yamepita. Uje utupigie."

Enesi alikuwa anapeta mtama. Hakuinua kichwa.

"Kaka, panda darini. Mahindi yako uliyatunza vizuri, hayakuliwa na fukusi hata mmoja. Yaambie yakupigie."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Enesi hakucheka. Alimsubiri kaka atoke uani, apite kichuguu, ashike njia ya kwake, aende zake kabisa. Ndipo akaweka ungo chini, akanawa mikono, akaliangua gita lake ukutani.