Benki ya Mbali

Mwisho wa mwezi Mama alikuwa akiamka kama mtu anayekwenda harusini. Alijipaka mafuta, akafunga kilemba cha samawati, akatoka chumbani kwetu katika mtaa wa Kianda kwenda kupanga foleni ya pensheni. Alikuwa mpishi katika bweni la serikali hadi alipostaafu. Foleni ilitambaa polepole kama kivuli cha asubuhi, naye alipenda iwe hivyo, maana ndani yake alisimama na rafiki yake, mama mmoja wa kutoka ziwani aliyefua mashuka ya hospitali miaka yake yote ya kazi. Mama, Mkamba wa Kitui, alimwita "nyaminwa", yaani dada, kwa Kijaluo, lugha ya yule mwenzake.

Januari ile ya machafuko baada ya uchaguzi, ofisi ya malipo ilifungwa. Moshi ulining'inia juu ya mabati hata jua likawa kama kitu tulichowahi kusimuliwa. Hali ilipotulia, tukasikia rafiki yake amehamia kwa bintiye, mtaa wa Kawangware. Wapi hasa, hakuna aliyejua. Kisha wazee wakaambiwa wafungue akaunti. Pensheni ingeingia benki, na kila mtu angepewa kadi ya kutolea pesa mashineni.

"Tufungue hapa karibu," nikamwambia.

"Hapana. Kawangware."

"Mama, ni mbali."

"Na yeye ataambiwa afungue. Atafungua karibu na anakolala."

Malipo ya kwanza yalipoingia, alikaa kwenye ukuta mfupi nje ya benki, kadi mkononi, akitazama watu wakielea katika vumbi lenye rangi ya asali. Askari wa mlangoni akamwambia, kama anayesema na bibi yake, "Shosh, mashine haina foleni. Ingia tu."

"Najua," akasema, asiinuke.

Hakuja mtu. Tulirudi nyumbani.

Mwezi uliofuata mimi ndiye niliyemwona rafiki yake kwanza, akitokea upande wa mtaa wa Satellite, amepungua mwili, amevaa koti la kiume. Mama hakumwita. Alisimama tu, mpaka mwenzake akamwona, naye akasimama palepale njiani, watu wakimpita pande zote.

"Nyaminwa," akasema alipofika. "Umejuaje?"

"Ungeenda wapi kwingine?"

Hawakuulizana kilichoungua. Walikaa ukutani, mikono imeshikana, wakaniambia nitangulie nyumbani.

Jioni Mama alirudi taratibu, viatu mkononi, akiimba wimbo wa Kijaluo ambao maana yake hakuijua.