Picha Iliyofungiwa Bandani

Mdogo wangu alikuwa na sahani yake ya bati, na alikula peke yake karibu na mlango. Kijijini kwetu Kibondo mwenye kifafa hakuchangia sinia moja na wenzake. Akianguka haguswi, maana povu lake likikupata ugonjwa unakuhamia. Wengine walisema hata akijamba. Watu wazima na akili zao walikuwa wakikimbia ushuzi wa mtoto ambaye hajang'oa hata jino! Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa bibi, mama yake baba, na nyumbani neno la bibi halikuwa na rufaa.

Miaka hiyo ya tisini wakimbizi wa Burundi walijaa wilayani, na madaktari wakaja nyuma yao. Mmoja wao, Mzungu mwenye Kiswahili cha kuungaunga, alimpa mdogo wangu vidonge, kisha akataka apigwe picha ya kichwa. Mashine hiyo haikuwepo kwetu wala Kigoma. Mama akampeleka hadi Dar es Salaam, kwa lori kisha kwa treni, wakarudi na karatasi nyeusi ya plastiki. Ndani yake vilipangwa vichwa vidogo vidogo, vyote vya mdogo wangu, kana kwamba amekatwakatwa kama kitunguu.

Tuliipeleka kwa daktari, akaishika dirishani. Akasema ndani ya ubongo kuna sehemu nyeupe inayopeleka habari kutoka upande huu hadi ule, na ya mdogo wangu ilikuwa imebadilika, pengine tangu degedege ya utotoni. Akatuonyesha doa kwa ncha ya kalamu. Mimi nina mdomo tangu kuzaliwa. Nikamwambia mbona hiyo nyeupe yako ni ya kijivu. Akacheka, akasema mashine ndivyo inavyoiona. Doa halitatoka, ila vidonge vitapunguza kuanguka. Na kifafa hakiambukizi.

Nyumbani bibi akauliza kuna nini kwenye hiyo karatasi.

"Ndio ugonjwa wenyewe, mama," mama akajibu. Alikuwa amechoka. "Umeonekana."

"Mana yanje!" bibi akamwita Mungu wake kwa Kiha. "Umeonekana?"

Kwetu mganga akimuumika mtu kwa pembe, humwonyesha alichotoa: kipande cha mfupa, nywele, uchafu fulani. Kikishaonekana, kimetoka. Kwa hiyo bibi alielewa kwamba kifafa kimetoka kichwani kwa mtoto na sasa kiko kwenye ile karatasi. Aliishika kwa jani la mgomba, akaitundika kwenye banda la mbuzi na kufunga mlango. Mbuzi wakahamishiwa nje, wasije wakaanza kuanguka.

Jioni hiyo akamvuta mdogo wangu akae ubavuni pake, kwenye sinia letu. Nikafungua mdomo nieleze. Mama akanikanyaga mguu.

"Nyamaza wewe. Mwache ale."

Nikanyamaza, na kwangu hilo si jambo dogo. Mama aliendelea kumpa vidonge kila siku, na bibi hakuuliza ni vya nini. Maharage yakapandwa, yakachanua, yakavunwa. Mdogo wangu akawa mnyang'anyi wa dagaa, akigombana na kila mtu, na bibi akimtetea. Sahani ya bati wakaitumia kuku kunywea maji.

Kisha, mchana mmoja mvua ikiwa inakuja, akaangukia kwenye sinia. Mikono yote ikarudi nyuma. Povu likamwagika kwenye kanga ya bibi. Mimi niliitazama ile sahani pale uani, nikajua jioni itaoshwa. Niliumia, sitaficha.

Mtoto akatulia, akalala. Bibi alikuwa bado ameshika tonge, analitazama.

"Tumekula naye tangu maharage hayajapandwa," akasema polepole. "Nani kati yetu ameanguka?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameanguka.

Bibi akamfuta mtoto mdomo kwa pindo la kanga ileile, akakilaza kichwa chake pajani. Akachovya tonge kwenye mchuzi, akala. Matone ya kwanza yalipogonga bati, akanigeukia mimi.

"Unashangaa nini? Warudishe mbuzi bandani, watalowa."