Tamthilia Niliyompendekezea Dada Yangu

Dada yangu mkubwa hakuwahi kunisimulia tamthilia. Alikuwa akinipigia simu Ijumaa jioni akishafunga duka lake la ushonaji pale Mukuyuni, akataja jina, kisha akasema, "Tazama sehemu tatu tu. Ikikushinda, usiniambie." Mimi ni mwalimu wa hesabu huku Migwani, na walimu wenzangu hawangeamini jinsi nilivyojua nani kamwacha nani katika nyumba za matajiri wa nchi za mbali. Tulikuwa na akaunti moja ya kutazama mtandaoni. Msimu mpya ukitangazwa, tulikuwa tukikumbushana kila wiki zimebaki siku ngapi.

Kisha figo zake zikaharibika. Alifunga duka, akawa anashinda nyumbani Kalamba na mume wake, na mara mbili kwa wiki wanaenda hospitali akasafishwe damu. Masaa manne kitini, mkono mmoja umeunganishwa na mashine, hawezi kushika sindano wala uzi.

"Nitafutie kitu kirefu," aliniambia. "Kirefu sana."

Wakati huo chumba cha walimu kilikuwa kikisifu tamthilia moja ya mama mjane mwenye hoteli kando ya ziwa, na wanawe watatu wanaogombania mali. Nikatazama sehemu mbili, nikacheka, nikampigia. "Hii ni yako. Huyo mama ana mdomo kama wako." Mitihani ikaanza, karatasi zikajaa mezani, sikuendelea.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikuwa nimeliendeleza. Daktari alikuwa amesema figo ya ndugu inaweza kumfaa, na mimi, mbele ya dada na shemeji, nikasema nitaenda kupimwa wiki hiyo hiyo. Miezi mitano ikapita. Mara kuna mitihani, mara mvua imeharibu barabara, mara nina mafua. Ukweli ni kwamba niliogopa kupasuliwa. Dada hakuniuliza hata siku moja.

Jumamosi moja mchana nilimaliza kusahihisha, nikafungua akaunti. Ilionyesha kwamba dada amefika sehemu ya sita. Nikaanza kumfuata. Katika sehemu ya nne yule mama wa hoteli alizimia jikoni. Katika ya tano akaambiwa ni figo. Katika ya sita kitindamimba wake alimshika mkono, akaahidi kumpa yake, kisha akawa hapokei simu. Niliruka hadi ya mwisho, ya nane. Mama alikufa kwenye mashine, macho yakiwa mlangoni.

Nilimpigia dada mara moja.

"Ile tamthilia, usiendelee nayo. Imeharibika."

"Nimeimaliza sasa hivi," alisema.

Nilisikia kuku wakilia uani kwake.

"Ulikuwa unajua mwisho wake?"

"Sikujua. Naapa, dada. Nilikuwa nimetazama mbili tu."

"Aiya," alisema polepole. "Basi ulinipakulia chakula hujakionja."

Nilingoja ataje ile ahadi yangu. Hakuitaja.

"Yule kijana ni mwoga tu," alisema mwishowe. "Mwoga si mtu mbaya." Halafu akaniuliza kama mvua imefika Migwani.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikaenda kupimwa, peke yangu. Walikuta presha yangu iko juu, na figo zangu zenyewe zimeanza kuchoka. Daktari alisema siwezi kumpa mtu yeyote. Nilimpigia dada nikiwa bado kwenye benchi la hospitali. Nilidhani atasikitika.

"Ulienda?" aliuliza. "Ulienda kweli?" Akalia. Sikuwa nimemsikia akilia tangu augue.

Kuanzia hapo nilitazama kila tamthilia hadi mwisho kabla ya kumtajia jina. Nikiona mgonjwa yeyote, hata bibi wa jirani anayekohoa, niliiacha. Iliyobaki ilikuwa moja ya vichekesho, ya wanawake wawili majirani wanaogombania mpaka, na msimu wake wa tatu ulikuwa njiani. "Huo nitautazama sehemu moja moja," alisema, "usiishe haraka." Alifariki Jumanne moja asubuhi, nyumbani, akingoja chai. Msimu ulitoka baada ya wiki mbili. Nilitazama dakika kumi hivi, nikazima. Sijaurudia.

Wakati wa kuvuna ndengu nilienda Kalamba kumsaidia shemeji. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Tulipura hadi jua likawa kali, tukakaa kivulini kando ya ghala tunywe uji.

"Sijawahi kukushukuru," alisema. "Ulienda kupimwa wiki ile ile uliyosema. Dada yako alirudi kutoka kwenye simu akaniambia, amekataliwa, maskini, tusimsumbue tena. Wengine wangekimbia."

Kumbe dada alikuwa amemdanganya kwa ajili yangu, tangu wiki ya kwanza, ili mume wake asinidharau. Muda wote huo shemeji alikuwa akinisalimu kwa mikono miwili, nami nikidhani ni heshima ya kanisa.

Nilimwambia ukweli wote. Nilimtajia hata mwezi niliopimwa.

Alitazama ndengu zilizoanikwa kwenye turubai. Sikujua kama atanifukuza. Mwishowe aliweka kikombe chini, akainuka kwa kushikilia goti.

"Zishakauka," alisema. "Shika gunia upande huo."