Shati la Mkwe Wangu

Wasichana tulipomaliza mwaka wa kwanza pale misheni, mke wa mzungu alituita barazani akatuambia kila mmoja achague. Chumba kimoja kushona, kingine kusoma na hesabu, na atakayefika mwisho atafundisha watoto. Mshonaji angepata rupia, maana watu wa boma walitaka mashati kila siku. Msomaji angepata shukrani. Nikachagua kusoma.

Nilipofika nyumbani kumwambia mama, alikuwa ameshainua kikapu cha ndizi. Akakitua.

"Kusoma kutalipa kodi ya nyumba?"

"Hapana, mama."

"Kutakuvisha?"

Wee, mama yangu alijua kuuliza! Mimi herufi nilizipenda, basi, sina maelezo mengine. Tangu siku nilipoona alama zile ubaoni zinasema "ziwa" bila mtu kufungua mdomo, usingizi ulinipotea. Nilikuwa nakwenda ufukweni kuandika kwa kijiti mchangani, mawimbi yanafuta, naandika tena. Baba, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, safari hii alisema, "Mwacheni." Mama akanuna hadi mavuno, lakini nilishinda. Nilitembea nimevimba kichwa kijiji kizima.

Sasa, nilikuwa nimeshaposwa tangu mdogo, na ng'ombe walishaletwa. Kwetu Wanyakyusa binti aliyeposwa hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani anajifunika kichwa na kuingia migombani mpaka apite. Wala hapazi sauti mahali mzee anaposikia. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kupika, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Asubuhi moja mwalimu anaandika ubaoni, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Kikohozi kile nilikijua. Loo! Kibao changu kikaanguka, nami nikatokea dirishani, kipande cha nguo kikabaki kimening'inia kwenye msumari. Mkwe wangu, na mvi zake zote, alikuwa amekuja kuanza shule. Alitaka kubatizwa, na mzungu alikuwa habatizi mtu asiyejua kusoma.

Mzungu akaniita. "Humu ndani hakuna mkwe," akasema. "Kuna wanafunzi tu." Rahisi kwake, wakwe zake walikuwa ng'ambo ya bahari! Hata hivyo nilipiga moyo konde, kesho yake nikarudi. Nilikaa nyuma kabisa, nimejifunika kaniki, uso ukutani. Ubao sikuuona. Mwalimu akaniuliza swali la hesabu, jibu nilikuwa nalo mdomoni, na halikutoka. Akauliza tena. Nilisikia mzee naye anahema kule mbele, ameinamisha kichwa kwa aibu yake mwenyewe. Tulikuwa tunateseka wote wawili, na mwalimu anangoja na chaki yake.

Wanawake waliokuwa wakilima nje walikuwa wameniona. Jioni habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilitegemea mama atanifokea, nami nilikuwa nimeshajiandaa kujibu. Hakufoka. Alikaa karibu na jiko akilia polepole.

"Mwanangu, wakikukataa watadai ng'ombe wao. Na ng'ombe wale ndio tuliowatoa mahari ya mke wa kaka yako. Tutamrudisha kwao, na ana mimba?"

Wifi yangu alikuwa pale pale, anamenya ndizi, anajifanya hasikii.

Tulisema labda mzee aje saa nyingine. Mwalimu alikuwa mmoja, chumba cha kusoma kimoja, na mchana mwalimu huyo alichoma matofali. Kisha mama mkwe akaja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mama akapokea kwa mikono miwili, "Ndaga, ndaga fijo." Akashukuru hivyo mara nyingi mno. Mama mkwe akanigeukia. "Baba mkwe wako anasema umsamehe. Anasema wewe siku zako bado nyingi, zake zimebaki chache." Nilitaka kumchukia mzee yule, jamani, nikashindwa. Alipenda kile kile nilichokipenda mimi.

Nikahamia chumba cha kushona. Ukuta wa katikati ulikuwa wa matete na udongo, na kila asubuhi nilimsikia akivuta silabi moja moja. Akikwama, nami sindano ilikwama.

Siku za ubatizo wake zilipokaribia nilipewa shati jeupe nilishone. Sikuambiwa la nani. Nilijua. Nilishona kola ile nikafumua, nikashona tena, mpaka mke wa mzungu akasema inatosha.

Siku yenyewe aliambiwa asome mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nje, nyuma ya ukuta, kaniki kichwani. Alisoma kwa sauti ya kutetemeka, akaruka mstari mzima, akaendelea. Hakuna aliyeshtuka. Mstari ule nilikuwa nao ulimini, nikaufumba mdomo kwa kiganja. Wakapiga vigelegele, nami nikapiga, sauti yangu ikapotea ndani ya zao.

Walipoanza kutoka niliingia migombani. Baadaye wanawake wakaja kunitafuta, wanacheka, wananipongeza: shati limemkaa vizuri mno, mabega sawasawa, kola imesimama.

Mimi sikuliona.